Gharika ya Nuhu ikipigiwa hesabu

Katika karne ya 2 mtu mmoja aitwaye Apelles, aliyekuwa mfuasi wa Marcion, mwalimu ambaye kanisa lilimhesabu mzushi, kabla ya kushika njia yake, alisoma habari za safina katika Mwanzo akakwama kwenye vipimo. Dhiraa 300 urefu, dhiraa 50 upana, dhiraa 30 kwenda juu. Akapiga hesabu zake, akatangaza kwamba chombo cha namna hiyo kingeingiza tembo wanne na chakula chao, basi. Origen, mmoja wa wasomi wakubwa wa kanisa la mwanzo, aliona lazima amjibu. Alisema Musa alilelewa Misri, nchi ya mabingwa wa jiometri, kwa hiyo dhiraa zake si hizi za kawaida bali ni za kijiometri, kubwa zaidi kwa mbali. Augustino naye akaichukua hoja hiyo: dhiraa moja ya Musa ni sita za kwetu. Kwa kipimo hicho safina inakuwa na urefu wa zaidi ya mita 800.

Apelles alizidisha, hilo tuliseme mapema. Kwa dhiraa ya kawaida ya karibu nusu mita, safina inapata urefu wa mita 135 hivi, upana wa mita 22 na kimo cha mita 13, yaani takriban mita za ujazo 40,000. Tembo wanne wangetembea humo kwa raha zao. Lakini tazama alichofanya Origen. Ili kuitetea aya kama ilivyo, alilazimika kuweka ndani yake kitu ambacho aya haikusema. Mtindo huo umeendelea hadi leo, na ndio ninaotaka kuufuatilia hapa, kwa sababu watu wengi wanadhani kuihoji gharika ni jambo la juzi lililoletwa na wasioamini, wakati waliokesha na hesabu hizi kwa karne nyingi walikuwa waumini.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo yenye hesabu rahisi. Mwanzo 7 inasema milima yote mirefu chini ya mbingu ilifunikwa, na maji yakapanda dhiraa 15 juu yake. Mlima mrefu kuliko yote ni Everest, mita 8,849. Uso wa dunia una kilomita za mraba milioni 510. Ukizidisha, kisha ukatoa nafasi inayochukuliwa na nchi kavu yenyewe, unahitaji kilomita za ujazo zipatazo bilioni 4.4 za maji juu ya yale yaliyopo baharini. Bahari zote za dunia kwa pamoja zina kama bilioni 1.3. Kwa hiyo zingehitajika bahari nyingine tatu na zaidi, zije kwa muda wa siku 40, kisha ziondoke ndani ya mwaka mmoja.

Zitoke wapi? Mvuke wote ulio angani ukishuka leo kama mvua na kutandazwa sawasawa, utatoa maji ya kina cha milimita 25 hivi, kimo cha kidole kimelazwa. Barafu yote ya Antaktika, Greenland na vilele vya milima ikiyeyuka, bahari itapanda mita 65 hadi 70. Hilo lingekuwa balaa kwa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, lakini Kilimanjaro isingehisi chochote.

Kasi nayo ni tatizo. Kufika juu ya Everest kwa siku 40 maana yake maji yapande mita 220 kila siku, zaidi ya mita 9 kwa saa. Mvua kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa kwa saa 24 ilinyesha Foc-Foc, kisiwani Réunion katika Bahari ya Hindi, Januari 1966, kimbunga kilipopita: milimita 1,825. Mvua ya Nuhu ingekuwa zaidi ya mara 120 ya hiyo, kila mahali duniani kwa wakati mmoja, kwa siku 40 mfululizo. Mvuke ukigeuka maji hutoa joto, na joto hilo kwa kilo moja ya mvua linatosha kuchemsha kilo tano za maji baridi. Mvua ya kiasi hicho ingempika kila aliyekuwa ndani ya safina muda mrefu kabla ya kumfikisha mlimani.

Wapo waliojaribu kuliziba pengo hilo kwa kusema kwamba zamani dunia ilizungukwa na utando wa mvuke juu ya anga, ukaanguka wakati wa gharika. Lakini mvuke una uzito. Kila mita 10 za maji zikikaa angani kama mvuke huongeza mgandamizo wa hewa sawa na angahewa nzima tunayoishi nayo sasa. Utando wa kutosha kufunika hata kilima cha mita 100 ungewafanya watu wa enzi za Nuhu waishi chini ya mgandamizo wa mpiga mbizi aliye mita 100 baharini.

Siku hizi hoja inayozunguka zaidi kwenye makundi ya WhatsApp ni ile ya «bahari iliyo chini ya ardhi». Ilianza mwaka 2014, wanasayansi walipotangaza kwamba almasi moja kutoka Brazil ilikuwa na chembe ya madini yaitwayo ringwudaiti, yenye maji ndani yake. Habari ni ya kweli. Ila maji hayo hayako katika ziwa wala pango. Yamefungwa ndani ya fuwele za mwamba, kilomita 410 hadi 660 chini, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Ukiyatoa huko hayaji kama chemchemi, yanakuja kama mvuke wa moto pamoja na mwamba ulioyeyuka.

Sasa chombo. Anayejua namna jahazi linavyoundwa Lamu au Unguja anajua kwamba kazi haiko kwenye ukubwa wa mbao, iko kwenye viungo. Mkuku, mataruma, mbao za ubavuni, kisha kalafati ya kuziba kila upenyo. Chombo kikirefuka, mawimbi hukiinua katikati huku ncha zikining'inia, dakika inayofuata yakainua ncha huku katikati pakilemewa. Mbao hupinda, viungo hufunguka, maji huingia. Chuma kinastahimili hali hiyo. Mbao zina mwisho wake, na mwisho huo watu waliufikia mwaka 1909 huko Bath, jimbo la Maine, Marekani, walipoishusha majini merikebu ya Wyoming. Ilikuwa na milingoti sita na sitaha ya mita 107 hivi, mojawapo ya vyombo vikubwa kabisa vya mbao vilivyowahi kuundwa. Waundaji wake walikuwa na uzoefu wa vizazi na waliiimarisha kwa mikanda ya chuma. Hata hivyo ilipinda baharini na kuvuja, ikawa inategemea pampu. Machi 1924 ilizama karibu na pwani ya Massachusetts na mabaharia wake wote. Safina inaizidi kwa karibu mita 30, haina chuma, haina pampu, na ingekutana na bahari isiyo na ufuo wa kuvunja mawimbi popote duniani.

Kule Kentucky, Marekani, kuna mfano wa safina uliofunguliwa 2016 na Wakristo wanaoamini kila neno la Mwanzo, wenye urefu wa mita 155. Umesimama juu ya nguzo za zege na hauelei. Mwaka 2019 wenyewe walifungua kesi dhidi ya kampuni za bima kwa sababu mvua iliharibu barabara ya kufikia safina. Sijaongeza chumvi.

Wanyama nitawapitia kwa mkato, isipokuwa mahali pawili. Tukichukua mamalia, ndege na reptilia peke yao tunapata karibu spishi 30,000, wawiliwawili wanakuwa 60,000. Ndani ya safina mlikuwa na watu wanane. Kila mmoja angewajibika kwa wanyama 7,500 hivi, na akifanya kazi saa 24 bila kulala kila mnyama anapata sekunde kumi na moja au kumi na mbili kwa siku: kulishwa, kunyweshwa, kuondolewa kinyesi. Tembo mmoja hula hadi kilo 150 kwa siku. Jozi moja kwa mwaka ni tani 110 za majani, ambazo hata zikifungwa robota zitachukua mita za ujazo 700. Na tembo wako spishi tatu, vifaru tano.

Jibu la watetezi wa sasa ni kwamba Nuhu hakubeba spishi, alibeba «aina». Jozi moja ya jamii ya paka, jozi moja ya jamii ya mbwa, na kadhalika, jumla kama aina 1,400. Baada ya gharika jozi ile ya paka ikazaa simba, chui, duma na paka wa jikoni. Kichekesho ni kwamba wanaosema hivi ni walewale wanaoikataa nadharia ya mageuko, na hapa wanahitaji mageuko ya kasi ambayo hakuna mwanabiolojia anayethubutu kuyadai. Hapa ndipo mahali pa kwanza pa kusimama: mfano wa kasi kubwa kabisa tunaoujua uko hapa kwetu, Ziwa Victoria. Samaki wadogo ambao wavuvi wa Mwanza huwaita furu wana spishi zaidi ya 500 ziwani humo, na ziwa lenyewe lilikauka na kujaa tena kama miaka 15,000 iliyopita. Watafiti huuzungumzia mfano huo kwa mshangao. Lakini hata furu walitumia zaidi ya mara tatu ya muda ambao kalenda ya gharika inautoa, yaani miaka elfu nne na kitu, na miaka yote hiyo wamebaki kuwa furu. Kisha ujiulize: maji ya dunia nzima yalipochanganyika na kutengana, furu wote wa Victoria walijuaje kurudi Victoria, na jamaa zao wa Tanganyika kurudi Tanganyika, bila kuchanganyika? Pweza, matumbawe na jongoo bahari nao hawavumilii bahari iliyozimuliwa kwa maji baridi. Hao hawakupewa nafasi kwenye safina.

Mahali pa pili ni nasaba ya duma. Katika miaka ya 1980 wataalamu walipandikiza ngozi ya duma mmoja kwa mwingine asiye ndugu yake, na mwili haukuikataa haraka kama inavyotarajiwa. Duma wote wanafanana mno kinasaba, alama ya kwamba zamani walipungua wakabaki wachache sana. Kama kila mnyama wa nchi kavu angerudishwa hadi wawili, tena miaka elfu nne na kitu tu iliyopita, tungeona alama hiyohiyo, au mbaya zaidi, kwa nyumbu, pundamilia, panya na binadamu. Haipo.

Kalenda hiyo ya miaka elfu nne na kitu ilipatikana kwa kujumlisha umri wa mababu katika Biblia. Aliyeifanya hesabu hiyo ikapata umaarufu ni James Ussher, askofu mkuu wa Armagh huko Ireland, aliyeweka uumbaji mwaka 4004 KK na gharika mwaka 2348 KK katika kitabu alichokichapisha 1650. Wakati huo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kusoma maandishi ya Misri. Leo yanasomeka, na tarehe hiyo inaangukia mwisho wa nasaba ya tano. Mfalme Unas alizikwa Saqqara kwenye miaka ya 2350 KK hivi, chumba chake cha kaburi kikiwa kimechorwa maandiko ya mazishi ukuta mzima. Baada yake akaja Teti, na nasaba ya sita ikaendelea kwa lugha ileile, maandishi yaleyale, miungu ileile na makaburi palepale. Hakuna aliyeandika kwamba taifa zima lilizama katikati ya shughuli. Piramidi kubwa ya Giza ilikuwa imesimama tayari kwa zaidi ya miaka 150.

Mtu anaweza kuisogeza nyuma tarehe, aseme Ussher alikosea. Sawa, aisogeze. Greenland barafu hujilundika kila mwaka kwa tabaka, na watafiti wakichimba na kutoa mche mrefu wa barafu wanayahesabu matabaka hayo moja moja hadi kufikia miaka 60,000 nyuma. Barafu ni nyepesi kuliko maji. Gharika ya kufunika milima ingelinyanyua bamba lote lile na kulivunjavunja. Lipo mahali pake, na kati ya matabaka hayo hakuna hata moja la chumvi na tope la bahari. Kule Ulaya ya kati mfuatano wa duara za kila mwaka za miti, mti mmoja ukipishana na mwingine, unafika zaidi ya miaka 12,000 bila kukatika.

«Na makombe yaliyo juu ya milima?» Hili swali ni zuri, na ni la zamani. Kileleni Everest kuna mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini. Leonardo da Vinci alilishughulikia miaka 500 iliyopita katika madaftari yake, kwa makombe ya milima ya Italia. Alijua kombe akiwa hai hutambaa dhiraa chache tu kwa siku, akauliza angewezaje kutoka Bahari ya Adriatiki hadi Monferrato, mwendo wa maili 250, ndani ya siku 40. Akaona pia kwamba makombe hayo yamelala kwa matabaka, makubwa kwa madogo, mengine yakiwa bado yamefunga vifuniko vyake viwili, kama yanavyokaa yakifia nyumbani. Mafuriko huvuruga, hayapangi. Kilichokosekana kwa Leonardo ni habari tuliyo nayo sisi, kwamba mawe hayo yalikuwa sakafu ya bahari, yakainuliwa bamba la India liliposukumana na Asia.

Mpangilio huo wa matabaka unaonekana vizuri Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani kati ya 1909 na 1913 walichimba mifupa ya dinosaria na kuisafirisha Berlin, ambako ipo hadi sasa. Huko tabaka la mifupa hufuatwa na tabaka la makombe ya bahari, kisha mifupa tena, kisha makombe. Bahari ilikuja ikaondoka, ikarudi ikaondoka, na kati ya safari hizo wanyama waliishi, wakala, wakafa. Mafuriko ya mwaka mmoja hayana nafasi ya kufanya hivyo.

Miongoni mwa walioitoa gharika kwenye jiolojia walikuwamo wachungaji. William Buckland, mhadhiri wa Oxford na padri wa Kianglikana, aliingia mwaka 1821 katika pango la Kirkdale huko Yorkshire lililojaa mifupa ya fisi, tembo na vifaru. Wengi walisema gharika iliileta kutoka nchi za joto. Buckland akatafuta fisi aliye hai, akampa mifupa ya ng'ombe, akailinganisha alama za meno. Zililingana. Fisi walikuwa wakiishi pangoni humo wakiburuta mawindo yao, hawakusombwa na maji. Bado aliamini kwamba tope lililofunika mifupa hiyo ni la gharika, lakini kufikia 1836 alikuwa ameiacha hata hiyo. Rafiki yake Adam Sedgwick, naye mchungaji, alisimama mwaka 1831 akiwa mwenyekiti wa Chama cha Jiolojia cha London akakiri hadharani kwamba alichokifundisha juu ya mashapo ya gharika hakikuwa sahihi. Mashapo hayo baadaye yalieleweka kuwa kazi ya barafu ya kale. Sedgwick hakuacha upadri wala imani, na miaka 28 baadaye alikuwa mmoja wa wapinzani wakali wa Darwin.

Kama gharika haikutokea hivyo, habari yake ilitoka wapi? Hapa ndipo mambo yanapopendeza. George Smith aliacha shule mapema na kujifunza ufundi wa kuchonga sahani za kuchapia noti. Muda wake wa chakula cha mchana aliutumia kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza, akisoma vigae vya udongo vilivyotoka Ninawi, hadi wakamwajiri. Mwaka 1872, akichambua kigae kimoja, alisoma habari ya chombo kilichotua mlimani na njiwa aliyeachiwa akarudi kwa kukosa mahali pa kutua. Inasimuliwa kwamba alipandwa na msisimko akaanza kuvua nguo palepale ofisini. Desemba 3 mwaka huo aliisoma tafsiri yake mbele ya hadhira, na waziri mkuu Gladstone akiwa miongoni mwao.

Ni kigae cha kumi na moja cha utenzi wa Gilgamesh, utenzi wa kale wa Mesopotamia, Iraki ya leo. Anayesimulia ni Utnapishtim, mtu wa mji wa Shuruppak kwenye mto Frati. Miungu wameazimia kuwaangamiza watu; mungu Ea anamvujishia siri kwa kuuambia ukuta wa matete. Anaunda chombo chenye dhiraa 120 kila upande, kama sanduku, anakipaka lami, anaingiza jamaa zake na wanyama. Dhoruba inavuma siku sita na usiku saba, na miungu wenyewe wanaogopa wanajikunyata kama mbwa. Chombo kinakwama mlima Nimush. Anamtoa njiwa, anarudi. Anamtoa mbayuwayu, anarudi. Anamtoa kunguru, harudi. Anatoa sadaka, na miungu wenye njaa wanaisikia harufu nzuri na kuijia kama nzi.

Msomaji wa Mwanzo 8 anajikuta nyumbani: lami, mlima, ndege, sadaka, harufu. Toleo la Atrahasis, utenzi mwingine wa hukohuko, lililonakiliwa katika karne ya 17 KK, ni la zamani zaidi, na humo sababu ya gharika ni kelele: watu wamekuwa wengi na mungu Enlil anakosa usingizi. Kipo tena kigae kidogo cha miaka ya 1750 KK hivi, ambacho Irving Finkel wa makumbusho yaleyale alikitangaza mwaka 2014. Humo safina ni duara, kidau kikubwa cha kamba na lami kama vile vidau vya mviringo vilivyokuwa vikivusha watu Tigri hadi karne iliyopita. Chombo kinabadilika umbo kila msimulizi anapokishika: duara, mchemraba, sanduku refu. Kipande cha Gilgamesh kimeokotwa hata Megido, ndani ya Kanaani, cha karne ya 14 KK hivi, kwa hiyo Waebrania hawakuhitaji kungoja uhamisho wa Babeli ili kuisikia.

Mwanzo yenyewe ina nyuzi mbili zilizosukwa pamoja, na hilo huhitaji chuo kuliona. Fungua Biblia yako ya Kiswahili. Katika 6:19 anayesema ni Mungu, na agizo ni wawiliwawili. Katika 7:2 anayesema ni Bwana, na agizo ni saba saba kwa wanyama safi. 7:12 mvua ni siku 40, 7:24 maji yanatawala siku 150. Jamaa ya Nuhu inaingia safinani katika 7:7 na inaingia tena katika 7:13. Jean Astruc, daktari wa mfalme wa Ufaransa, alizitenganisha nyuzi hizo mwaka 1753, na kila moja ikasomeka peke yake kama habari nzima. Aliyeziunganisha hakuona haja ya kuficha mshono.

Nchi ya Mesopotamia ilijaa mafuriko kwelikweli. Ni tambarare, na mito yake miwili hupanda theluji ya milima ya kaskazini inapoyeyuka. Shuruppak, mji wa Utnapishtim, una tabaka la tope la mto la mwaka 2900 KK hivi. Katika mji wa Uru, mwanaakiolojia Leonard Woolley alichimba mwaka 1929 akakuta tope safi la unene wa mita kama tatu, na magazeti ya dunia yakatangaza kwamba gharika imepatikana. Lakini tope la Uru ni la zamani kuliko la Shuruppak kwa zaidi ya miaka elfu, na Eridu, mji ulio kilomita 20 tu kutoka Uru, hauna tope hilo kabisa. Hayo ni mafuriko mbalimbali ya nyakati mbalimbali. Kwa mtu aliyesimama kwenye tambarare ile, bila kilima hata kimoja machoni, maji yakifika kiunoni kila upande ni dunia yote imezama.

Hapo wengi hukimbilia njia ya kati: gharika ilikuwa kweli, ila ya eneo moja. Kwa Waislamu njia hiyo ina nafasi pana zaidi. Kurani haitaji vipimo vya safina wala idadi ya siku. Nuhu ametumwa kwa watu wake, na wafasiri wamegawanyika kama walioangamizwa ni watu hao au ulimwengu wote. Chombo kinatua mlima Judi, si Ararati kama katika Mwanzo. Mimi naiona ni njia yenye busara, ila nayo inadai kitu. Maji ya Tigri na Frati huteremkia kusini, kwenye Ghuba. Chombo kikipotea kwenye mafuriko ya Shuruppak kitaishia upande wa Basra, si Judi iliyo kilomita zaidi ya 600 kaskazini na juu ya mteremko, na Ararati iko mbali zaidi ya hapo. Tena kama ni eneo moja, mtu mwenye onyo la mapema angewachukua mifugo na watoto akatembea wiki chache hadi milimani, bila kukata hata ubao mmoja.

Linabaki jibu la kwamba Mungu anaweza yote, na hilo hakuna hesabu inayoligusa. Mwenye kuliamini angeweza kuwaacha salama akina Origen na dhiraa zao, utando wa mvuke, ringwudaiti, na wale wanaokwea Ararati kila baada ya miaka michache wakitafuta mbao. Shida yake inatoka kwenye maandiko yenyewe. Katika Mwanzo 6 Nuhu haambiwi angoje muujiza. Anapewa vipimo, anaambiwa atie vyumba na mlango ubavuni, na katika aya ya 21 anaagizwa akusanye chakula chake na cha wanyama. Anayesema kwamba wanyama walisinzia mwaka mzima bila kula, kwamba mbao hazikuvuja na kwamba maji yaliumbwa kisha yakafutwa pasipo kuacha alama, bado anadaiwa maelezo: agizo la kukusanya chakula lilikuwa la nini, na lami ya ndani na nje ilikuwa ya kazi gani?